Kuchangisha Fedha za Filamu Fupi ya Mazombi: Mwongozo kwa Watayarishaji Wanafunzi na Wasimamizi Wao

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtayarishaji wa filamu ya wanafunzi, yaani yule anayeshika daftari la fedha wakati mwenzake ameshika kamera, na kwa mwalimu au mhadhiri ambaye saini yake itatakiwa kwenye barua za maombi. Unahusu filamu fupi ya dakika kumi hadi ishirini, inayopigwa Dar es Salaam, yenye hadithi ya mji ulioharibika, utawala ulioporomoka na wafu wanaotembea. Kwa mchangishaji, filamu ya namna hii ina tabia yake: kwa macho inaonekana ghali kuliko ilivyo, na kile kilicho ghali kweli hakionekani kabisa kwenye skrini.

Bajeti kwanza, kadi baadaye

Msimwombe mtu hata shilingi kabla hamjajua mnataka ngapi. Mwanafunzi akiulizwa "mnahitaji kiasi gani?" akajibu "chochote utakachojaliwa", atapewa elfu tano na mazungumzo yataishia hapo. Mtoaji hakuwa bahili. Hakuonyeshwa pengo ambalo fedha yake ingeliziba, akatoa ya kuondokea.

Chukueni skripti, mwongozaji na mtayarishaji wakae pamoja, waipitie ukurasa kwa ukurasa wakihesabu vitu vitatu: vichwa, usiku na maeneo. Wangapi watakuwepo kila siku ya kazi? Mapigo mangapi ya picha ni ya usiku? Mtahama mara ngapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo bajeti yenyewe. Mengine ni nyongeza.

Mazombi wenyewe hawana gharama kubwa. Damu hutengenezwa kwa sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo, maana bila kakao itang'aa kama juisi ya rosela. Katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968, George Romero alitumia sharubati ya chokoleti ikatosha, kwa kuwa filamu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ninyi mnapiga ya rangi, kwa hiyo jaribuni mchanganyiko wenu mbele ya kamera na taa zilezile mtakazotumia. Msinunue damu ya buchani. Inaganda, inanuka kabla ya adhuhuri, inaita nzi, na kuna mwigizaji atakayetakiwa kuitia mdomoni. Nguo zipo kwenye mitumba ya Karume: tafuteni zile za kumwagwa chini, kisha mzichane na kuzisugulia udongo. Vidonda vya tishu na jelatini vipakwe kwenye mkono wa kila mwigizaji siku moja kabla, ili anayewashwa ajulikane mapema. Gundi ya dukani isiguse ngozi ya mtu.

Ghali ni watu. Tuchukue mfano wa filamu yenye mazombi 20 na wafanyakazi 15, inayopigwa kwa usiku nne. Hao ni watu 35, na kwa usiku nne mnahitaji sahani 140. Sahani ya wali ikiwa 4,000, mmeshafika 560,000. Chai na vitafunio kwa 1,500 kila mtu ni 210,000 nyingine. Maji ya kunywa yawe 80,000. Chakula peke yake ni 850,000, na hakuna mtazamaji atakayeona hata punje yake.

Halafu usafiri. Kazi ya usiku inaisha saa tisa au kumi alfajiri, wakati daladala hakuna. Hamwezi kumwambia binti anayekaa Tegeta ajipandie bodaboda kutoka Pugu saa hiyo, na mwendesha bodaboda naye hatasimama akiona abiria ana shingo iliyong'atwa. Kodini basi dogo kwa kila usiku na mliandike. Tukiliwekea 150,000 kwa usiku, ni 600,000. Ongezeni 400,000 za nguo na kupamba, 1,000,000 za kamera, taa na jenereta, 350,000 za vibali na maeneo, 300,000 za diski mbili za kuhifadhia picha, 500,000 za sauti na uhariri. Jumla ni 4,000,000. Wekeni dharura ya asilimia 10, na bajeti imefika 4,400,000.

Takwimu hizi ni za mfano tu. Za kwenu zitoke kwenye profoma na bei mlizoulizia wenyewe, kila moja ikiwa na karatasi yake. Baada ya hapo futeni kila kinachoweza kupatikana bila fedha. Chuo kikiwapa kamera na taa na kuwaruhusu kutumia umeme wake, milioni moja inatoka, na dharura inapungua pamoja nayo: mnabaki na 3,300,000. Hicho ndicho kiasi cha kuomba, na kila mwanakikundi akijue kwa kichwa, kwa sababu ataulizwa akiwa kwenye foleni, kanisani, barazani na kwenye sherehe za watu.

Watakuwepo watakaowatajia Colin, filamu ya mazombi ya Mwingereza Marc Price iliyotoka 2008 na kutangazwa kuwa iligharimu pauni 45. Waambieni ni kweli habari hiyo ilitangazwa, kisha waulizeni kama wako tayari kuja kuigiza bure na kujilisha. Pauni 45 ziliwezekana kwa sababu watu wengi walijitolea muda na ujuzi wao. Huo nao ni mchango, ila haukuandikwa kwenye hesabu. Ninyi uandikeni.

Kata bajeti iwe vipande vinavyonunulika

Jamii yetu inajua kuchangia. Harusi ya mtu asiye na kitu hufanyika ikapendeza kwa kadi, kamati na kundi la WhatsApp, na msiba hausubiri hata kadi. Lakini mjomba anayetoa 100,000 kwa harusi anajua atakaa wapi, atakula nini na atatajwa na nani. Filamu fupi haimpi hata kimoja kati ya hivyo, labda mumtengenezee ninyi.

Njia iliyo rahisi ni kuuza vitu badala ya kuomba asilimia ya jumla. Fedha ya nguo na kupamba, 400,000, ukiigawa kwa mazombi 20 ni 20,000 kwa kila mmoja. Basi zombi mmoja ana bei: 20,000. Mchangiaji anamlipia zombi wake, na usiku wa kazi anatumiwa picha yake akiwa ameshapakwa. Chakula cha usiku mmoja ni 212,500, kiasi ambacho ofisi ndogo au kikundi cha akina mama kinaweza kubeba. Basi la usiku mmoja ni 150,000, na mwenye basi anaweza kulitoa lenyewe akaandikwa kwenye shukrani za mwisho wa filamu. Nimeona watu wakikataa kuchangia "sanaa ya vijana" na dakika hiyohiyo wakacheka na kununua zombi. Mzaha huo una thamani, lakini usivuke mpaka: kisheria na kiungwana, kilichouzwa ni shukrani na picha, na kikundi lazima kivipeleke.

Msiahidi faida. Filamu fupi ya wanafunzi mara chache sana inarudisha hata nauli, na mtu aliyeahidiwa gawio si mchangiaji tena bali ni mwekezaji. Kukusanya fedha za watu wengi kwa ahadi ya faida ni shughuli yenye sheria na mamlaka zake, na kikundi cha wanafunzi hakina sababu ya kuingia huko.

Nani aombwe, na kwa mpangilio upi

Wakongwe wa aina hii ya filamu walianza na waliokuwa karibu. Romero na wenzake wa Pittsburgh walikuwa watu kumi, kila mmoja akatoa dola 600, wakapata dola 6,000 za kuanzia. Waliendelea kutafuta wengine wa kuweka fedha mpaka bajeti ikafika dola 114,000 hivi. Sam Raimi na rafiki zake walipotaka kutengeneza The Evil Dead, iliyotoka 1981, walitangulia kupiga filamu fupi iitwayo Within the Woods mwaka 1978 kwa takribani dola 1,600, wakaizungusha kwa watu wa Detroit wenye uwezo ili waone kwa macho yao vijana hao wanaweza nini. Japani, Shinichiro Ueda alitengeneza One Cut of the Dead ndani ya mafunzo ya shule ya filamu na uigizaji ya Enbu Seminar, Tokyo, kwa yeni milioni 3 hivi. Filamu hiyo, inayofunguliwa na pigo moja la dakika 37 lisilokatwa, ilikuja kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Hilo la mwisho msilitaje kwenye barua ya maombi. Litasomeka kama ahadi.

Kwa hiyo wa kwanza kutoa ni wanakikundi wenyewe, kila mtu kiasi sawa, hata kama ni 20,000. Mtoaji wa nje atauliza ninyi mmetoa ngapi, na jibu liwe tayari. Fedha hiyo ipigie kionjo cha dakika moja: barabara tupu, ndoo zimepangwa kwenye bomba lisilotoa maji, mtu mmoja anageuka. Kionjo hicho ndicho kitakachotembea kwa simu kwenda kwa ndugu, walimu wa zamani, waliosoma chuoni kwenu na wenye biashara za jirani. Taasisi zije mwisho, maana zinataka kuona kwamba wengine wameshawaamini.

Kuhusu taasisi, mfano wa karibu ni Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, filamu fupi kuhusu dunia iliyoishiwa maji baada ya vita. Kahiu hakuwa mwanafunzi tena, lakini namna alivyopata fedha inafundisha: mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features, Goethe-Institut na mfuko wa sanaa wa Changamoto, vyote kwa kazi moja fupi. Filamu ikafika tamasha la Sundance mwaka 2010. Hakuna mfadhili mmoja aliyebeba kila kitu. Nanyi mkiandikia vituo vya utamaduni vya nje vilivyopo nchini, ombeni sehemu iliyotajwa jina, kwa mfano sauti na uhariri, muambatishe na orodha ya waliokwisha kutoa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo pia, lakini hutoa mikopo, na mkopo kwa filamu isiyouzwa siwashauri.

Barua na ujumbe

Barua rasmi iwe ya ukurasa mmoja, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, na iwe na mhuri. Meneja wa duka la vifaa hatasoma wazo lenu la kisanii, ila mhuri atautafuta. Bajeti iambatishwe, na namba ya simu ya mwalimu msimamizi iwepo.

Ipo hoja moja ambayo lazima mjiandae nayo. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba unatengeneza filamu ya wafu wanaotembea, atafikiria msukule. Mwingine atacheka, mwingine atakumbuka Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha za Mussa Banzi zilizopendwa sana miaka ya 2000, na mwingine, hasa mzee wa kanisa au mwalimu wa madrasa, atarudisha barua akisema hachangii ushirikina. Kama hadithi yenu ni ya ugonjwa na uhaba wa maji, semeni hivyo katika sentensi ya pili ya barua. Kama kweli mmeingiza misukule na uchawi, semeni pia, mkubali kwamba baadhi ya milango itafungwa. Mchangiaji atakayegundua mwenyewe siku ya onyesho atafunga na mlango wa wenzenu wa mwaka ujao.

Ujumbe wa simu kwa ndugu usiwe nakala ya barua. Uanze kwa salamu inayostahili na utaje kiasi kamili:

"Shikamoo mjomba. Ni mpwa wako wa Tabata. Mwaka huu namaliza chuo na kazi yetu ya mwisho ni kutengeneza filamu fupi, inahusu mji uliokosa maji ukaingiliwa na ugonjwa. Tunahitaji 3,300,000, mpaka leo tumefikisha 1,150,000. Naomba utulipie mazombi wawili, 40,000. Lipa namba ni hiyo hapo chini, litatokea jina la kikundi. Tunafunga tarehe 28. Barua ya chuo nimekuambatishia. Wasalimie nyumbani."

Mjomba akijibu "sawa, nitaangalia", hiyo si ahadi. Msiiandike. Akisema "nitatoa mwisho wa mwezi", hiyo ni ahadi, na inaandikwa na tarehe yake.

Ahadi na taslimu

Daftari liwe na safu mbili zisizochanganywa, ya walioahidi na ya waliotoa. Kamati nyingi za harusi huponea kwenye ahadi kwa sababu shughuli ina tarehe na aibu ya kutokutoa ipo. Filamu yenu haina aibu hiyo. Kadirieni kwamba sehemu nzuri ya ahadi haitafika, na msisaini mkataba wa kukodi kitu chochote kwa kutegemea safu ya kwanza.

Muda una uzito kuliko maneno matamu. Januari iacheni, watu wanalipa ada za shule. Ramadhani na Kwaresima si wakati wa kumpelekea mtu picha ya maiti inayotafuna. Ujumbe utoke wiki ya mwisho ya mwezi, mshahara ukiwa umeingia na haujagawanyika, na ukumbusho kutoka kwenu uwe mmoja. Wa pili, ukihitajika, upitie kwa mtu mwingine anayeheshimika na aliyeahidi.

Fedha isipite kwenye simu ya mwongozaji, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja akiwa mwalimu, au tumieni huduma ya fedha za vikundi ya mtandao wa simu, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa fedha bila wenzake kuidhinisha. Kumbukeni makato. Mtu akituma 20,000 bila ya kutolea, zombi wenu ameshapungua kabla ya kupakwa. Lipeni wenye huduma moja kwa moja kwa simu kila inapowezekana, badala ya kutoa taslimu na kulipa ada mara mbili.

Kwenye mtandao, fupi tu: tovuti ya kuchangisha fedha ya Kickstarter haipokei miradi inayoanzishwa na mtu aliye Tanzania au Kenya, na hata kwa nchi zinazokubaliwa, mradi usiofikia lengo haupewi kitu. Ndugu aliye Uingereza au Marekani akiuanzisha kwa jina lake, yeye ndiye mwenye mkataba, na yeye ndiye atakayedaiwa. Kwa kiasi cha milioni tatu ni mzunguko mrefu mno. Mwombeni atume mwenyewe na awaulize rafiki zake watano.

Mambo yanayoweza kuizima filamu fedha ikiwa mkononi

Kibali cha kutengeneza filamu hutolewa na Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Mwalimu aulize mapema utaratibu unaowahusu wanafunzi. Nendeni pia ofisi ya serikali ya mtaa mtakapopigia picha, mkiwa na barua ya chuo, na mtoe taarifa kituo cha polisi cha karibu mkitaja tarehe na saa. Watu ishirini wenye damu usoni wanaokimbia uchochoroni saa saba usiku watapigiwa kelele za mwizi, na kelele hizo huja na mawe. Mjumbe au mtu wa ulinzi shirikishi awepo kila usiku, na posho yake iwe kwenye bajeti.

Karibu kila hadithi ya mazombi ina wanajeshi. Raia haruhusiwi kuvaa sare za JWTZ, wala kitambaa cha mabakabaka kinachofanana nazo si cha kuchezea. Bunini jeshi lenu: ovaroli za fundi za rangi moja, nembo ya kuchora, kofia ya pikipiki iliyopakwa rangi. Inapendeza zaidi, kwa kuwa nchi ya kwenye filamu si hii. Ndege isiyo na rubani nayo ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuna vijana hudhani tangazo zuri ni kutengeneza taarifa ya habari ya bandia, "ugonjwa wa ajabu wazuka Mbagala", na kuirusha kwenye makundi. Msithubutu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na klipu ikishasambazwa mara mbili hakuna anayejua ilikuwa ya filamu. Jina la filamu na la chuo yawe juu ya picha kwa muda wote wa kionjo.

Mwisho kabisa wa kazi ya maandishi: nani mwenye filamu? Msambazaji wa Night of the Living Dead alipobadilisha jina la filamu, tamko la hakimiliki likadondoka pamoja na jina la zamani. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule haki yenyewe ikapotea, na wengine wakaiuza kwa miaka mingi bila kuwalipa waliotoa zile dola 600. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya kikundi na chuo kabla ya usiku wa kwanza, na muulize ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kuhusu usajili filamu ikikamilika.

Hesabu ya mwisho

Wiki mbili baada ya usiku wa mwisho wa kupiga picha, hata kama uhariri haujaanza, kila aliyetoa atumiwe ukurasa mmoja wa mapato na matumizi, wenye picha ya zombi wake juu. Risiti zihifadhiwe chuoni. Salio, likiwepo, litajwe kiasi chake na litakakokwenda: ada za matamasha, tafsiri ya maandishi ya chini ya skrini, au mfuko wa kikundi cha mwaka unaofuata. Walimu mnaosimamia, msitie saini barua ya maombi ya kikundi ambacho hamjaona bajeti yake, na msipitishe alama za mwisho za mtayarishaji ambaye hajatuma ukurasa huo.